Je, Lilikuwa Kombe la Mezani?

Na Ofisa Uhusiano wa Jeshi, Gisenyi

Jumapili moja alasiri, katika uwanja wa Umuganda hapa Gisenyi, timu za Marines na Etincelles zilikwenda mapumziko bila kufungana. Nyuma yangu alikuwa ameketi koplo mmoja wa polisi, mpenzi wa Etincelles tangu utoto wake. Kando yake alikuwapo sajini wetu mmoja ambaye moyo wake umegawanyika baina ya Marines na APR, kama ilivyo mioyo ya askari wengi wa kambi zetu. Mazungumzo yao yalianzia kwa mwamuzi, yakapita kwa mshambuliaji aliyekosa bao la wazi, hatimaye yakatua kwenye makombe. Sajini akaanza kuyahesabu makombe ya APR kwa vidole. Alipofika la mwaka 2020, koplo akamshika kidole.

"Hilo uliruke, afande," alisema. "Hilo ni kombe la mezani."

Watu wa karibu walicheka. Sajini hakucheka. Alinigeukia mimi akasema, "Afande, wewe ndiye mwenye kalamu. Mjibu huyu." Sikumjibu siku ile, maana timu zilikuwa zinarudi uwanjani, na askari mwenye busara hajadili jambo la mwaka 2020 ilhali Marines wanapiga kona. Makala haya ndiyo jibu langu. Naomba radhi mapema kwa wote wawili, kwani naona hapana hata mmoja wao atakayeridhika nalo lote.

Kwa vijana walioingia jeshini au polisi hivi karibuni, ambao wakati ule walikuwa bado madarasani, yafaa tukumbushane mambo yalivyokuwa. Tarehe 14 Machi 2020 Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Rwanda. Katika siku zile zile shule zilifungwa, nyumba za ibada zikafungwa, na mpira ukasimama. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Machi taifa zima lilikuwa limeamriwa kubaki majumbani. Ligi Kuu ilikuwa na timu 16, na kila timu ilitakiwa kucheza mechi 30. Zilikuwa zimechezwa 23. APR walikuwa kileleni wakiwa na alama 57, wameshinda mara 17, wametoka sare mara 6, na hawajafungwa hata mara moja. Rayon Sports waliwafuata kwa alama 51. Shirikisho la Mpira wa Miguu la Rwanda, FERWAFA, lilingoja hadi tarehe 22 Mei, kisha likatamka kwamba msimu umekwisha. APR walitangazwa mabingwa kwa mara ya 18. Gicumbi na Heroes, waliokuwa mkiani, walishushwa daraja.

Hayo ndiyo koplo anayoyaita kombe la mezani. Katika lugha ya viwanjani, ushindi wa mezani ni ule unaopatikana kwa karatasi: mpinzani hakufika, au alichezesha mtu asiye na leseni, basi wakubwa wakakaa mezani wakakugawia alama ambazo miguu yako haikuzitafuta. Ni neno la dharau. Mchezaji hawezi kujivunia ushindi wa namna hiyo mbele ya watoto wake.

Swali la kwanza la kujiuliza, kabla ya kufika kwa bingwa, ni hili: je, zile mechi saba zilizobaki zingaliweza kuchezwa? Wako wanaosema kwamba zingaliwezekana, kwa kuwa Ujerumani ilirudi uwanjani tarehe 16 Mei 2020, na Uingereza tarehe 17 Juni, Liverpool wakatwaa kombe lao viwanja vikiwa vitupu. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi mesini. Msemaji huwa amesahau kwamba klabu za huko ziliweza kuwapima wachezaji wao kila baada ya siku chache, na kwamba fedha za televisheni ndizo zilizowalazimisha kucheza kuliko mapenzi yao ya kandanda.

Tuache Ulaya, tuutazame mji wetu. Ligi Kuu si mali ya Kigali peke yake. Wilaya ya Rubavu ilikuwa na timu mbili kati ya zile 16, Marines ya jeshi na Etincelles ya wenyeji, na zote mbili zilichezea Umuganda, uwanja ule ule uliokarabatiwa kwa ajili ya mashindano ya CHAN ya mwaka 2016, wakati Zambia, Mali, Uganda na Zimbabwe zilipochezea kundi lao hapa. Mtu akisimama mjini anauona mji wa Goma bila darubini, na mlima Nyiragongo ukitoa moshi nyuma yake. Mpakani, mahali tunapopaita Petite Barrière, kabla ya korona walikuwa wakivuka watu wapatao 50,000 kwa siku, wengi wao akina mama wenye vikapu vya mboga, maziwa, nyanya na samaki. Mpaka ukiwa wazi si ajabu kuwaona watu wa Goma jukwaani Umuganda, wala kuwaona wa kwetu katika viwanja vya Goma.

Mji huu ulikwisha kulijua somo la maradhi kabla ya Kigali kuamka. Mwezi Agosti 2018 Ebola ilizuka Kivu ya Kaskazini, na mwezi Julai 2019 ikaingia Goma yenyewe. Kabla ugonjwa ule haujatangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200 upande wa pili. Upande huu haukumpata hata mtu mmoja. Jambo hilo halikutokea kwa bahati. Askari na polisi waliokuwa zamu mpakani katika miezi ile wanakumbuka mapipa ya maji yenye dawa, vipimajoto vilivyoelekezwa kwenye paji la uso, na foleni zisizokwisha. Mtoto wa Mbugangari alijua kunawa mikono kwa saa ya mkutano wa shule kabla hajajua jina la korona.

Basi mwezi Machi 2020 mpaka ulifungwa, isipokuwa kwa malori ya mizigo na raia waliokuwa wakirudi makwao. Tarehe 4 Mei amri ililegezwa kidogo: watu waliruhusiwa kutoka mchana, lakini saa mbili usiku kila mtu awe ndani; kukimbia peke yako kuliruhusiwa, mchezo wa timu haukuruhusiwa; na kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine kulikatazwa. Mwanzoni mwa Juni safari za mikoani na pikipiki za abiria zilifunguliwa nchi nzima, zikasazwa wilaya mbili tu, nazo ni Rusizi na Rubavu.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo ninapowaomba wale wanaotaka mechi zote 30 waweke kikombe cha chai chini na wafikirie. Ilibaki mizunguko saba, kila mzunguko mechi 8, jumla mechi 56. Tukikadiria watu 30 kwa kila timu, wakiwamo wachezaji, walimu, tabibu na dereva, tunapata watu 480 wa kuhamishwa huku na huko kila wiki. Miongoni mwao wamo wa timu mbili ambazo wilaya yao ilikuwa imezuiwa kuingia na kutoka. Ama wilaya nzima ifunguliwe kwa ajili ya mpira, ama timu hizo zipewe ruhusa ya pekee.

Na nani angesimama barabarani kuitekeleza ruhusa hiyo ya pekee? Ni sisi. Ni konstebo aliyekesha kwenye kizuizi cha barabara ya Kigali, na askari aliyekuwa doria naye. Konstebo huyo alimrudisha mama aliyetaka kumpelekea bintiye chakula Musanze. Alimrudisha kijana aliyelia kwamba baba yake anazikwa. Aliwarudisha kwa adabu, nao walimtii, kwa sababu waliamini kwamba amri ile ni ya wote. Kisha saa nne asubuhi litokee basi la timu ya jeshi, limejaa vijana wenye afya, nalo lipigiwe saluti na kupita. Sijui amri ingebaki na nguvu kwa siku ngapi baada ya hapo. Nimevaa sare hii kwa miaka kadhaa, na najua kwamba raia husamehe ukali wetu upesi kuliko upendeleo wetu.

Kwa hiyo katika jambo la kusimamisha, sina shaka. Majirani waliamua kwa njia zao. Kenya ilikuwa imekwisha kufunga msimu tarehe 30 Aprili, shirikisho likawatangaza Gor Mahia mabingwa, na kampuni iliyokuwa ikiendesha ligi ikapinga kwamba shirikisho halikuwa na mamlaka hayo. Wakaanza kuvutana wao kwa wao ilhali mpira umelala. Uganda ilikuwa na utulivu zaidi, na sababu yake nitaieleza. Upande wa Congo TP Mazembe walitangazwa mabingwa bila kumaliza. Burundi walimaliza, na Le Messager ya Ngozi ikatwaa ubingwa. Tanzania nao walimaliza: tarehe 21 Mei, siku moja tu kabla ya uamuzi wa FERWAFA, Rais Magufuli alitangaza kwamba michezo irudi kuanzia tarehe 1 Juni, na tarehe 28 Juni Simba walipata sare ya bila kufungana na Tanzania Prisons mjini Mbeya, wakawa mabingwa kwa miguu yao. Lakini tangu mwishoni mwa Aprili Tanzania ilikuwa imeacha kutoa hesabu za wagonjwa, kwa hiyo mtu anayesema kwamba wao walicheza na hawakudhurika hana cha kupimia usemi wake.

Sasa nije kwa bingwa, na hapa nitaomba ruhusa ya kusimulia jambo langu mwenyewe.

Nilipokuwa katika shule ya makadeti tulikuwa na mashindano ya mwendo wa haraka, platuni kwa platuni, kilomita 30 na mzigo kamili mgongoni. Platuni yetu ilikuwa ya pili. Tulipofika kituo cha ukaguzi cha kilomita 22, wingu jeusi lilishuka mlimani, radi zikaanza kupiga karibu, na mkufunzi mkuu akapuliza filimbi. Zoezi likasimamishwa. Tulikuwa tumeachwa kwa mwendo wa dakika sita hivi, na kila mmoja wetu aliapa kwamba katika kilomita nane za mwisho, ambazo zote zilikuwa za kupanda, tungewapita wale waliotangulia, maana walikuwa wamekwisha kuanza kuburura miguu. Tulinung'unika kwa sauti. Mkufunzi hakutukemea. Alitoa mfukoni amri ya zoezi, karatasi ile ile tuliyosomewa alfajiri, akamwita kiongozi wa platuni yetu, akamwambia aisome kwa sauti aya ya mwisho. Ilisema kwamba zoezi likisimamishwa kabla ya kituo cha kilomita 20, hakuna mshindi. Likisimamishwa baada yake, nafasi za kituo cha mwisho ndizo zitakazohesabiwa. Tulinyamaza. Mpaka leo naamini kwamba tungewapita. Lakini sijapata kusema kwamba tuliibiwa.

Karatasi ile ndiyo iliyowapa Uganda utulivu. Kanuni za ligi yao zilikuwa zimekwisha kueleza kwamba robo tatu ya mechi zikishachezwa, msimu waweza kuhesabiwa kuwa umetimia. Walikuwa wamecheza mechi 25 kati ya 30. Vipers walikuwa juu, basi wakawa mabingwa, na mashabiki wa KCCA walikasirika kama tulivyokasirika sisi kwenye mvua, yaani kwa muda.

Tukipima kwa kipimo hicho hicho, Rwanda ilikuwa imecheza mechi 23 kati ya 30, ambazo ni zaidi kidogo ya robo tatu. Pengo la alama 6 si dogo, wala si ukuta: ni mechi mbili. Katika mechi saba kulikuwa na alama 21 za kugombaniwa, na Rayon Sports wana haki ya kuota. Lakini timu iliyocheza mara 23 bila kufungwa haikuokota kitu mezani. Alama 57 zilipatikana uwanjani zote, katika matope ya Machi na jua la Januari. Kilichofanyika mezani ni kuhesabu tu.

Mfano wa kinyume chake upo. Mwaka 1939 Uingereza ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili, ligi yao ilisimamishwa baada ya mechi 3. Blackpool walikuwa wameshinda zote tatu na walikuwa kileleni. Hakuna aliyewapa kombe, na walio wengi wakaenda vitani. Nasi hapa, mwaka 1994, mwaka wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, hapakuwa na bingwa, na hapana mtu mwenye akili anayeuliza nani angekuwa. Mechi 3 si msimu. Mechi 23 ni msimu uliokatwa mkia.

Tena, bahati ilituletea mtihani ambao hakuna aliyeupanga. Klabu Bingwa Afrika ilipoanza tena mwishoni mwa mwaka ule, APR walipangiwa Gor Mahia, yaani bingwa aliyetangazwa Kigali dhidi ya bingwa aliyetangazwa Nairobi. Tarehe 28 Novemba 2020 APR walishinda hapa nyumbani mabao 2 kwa 1. Tarehe 5 Desemba kule Nairobi walifungwa 3 kwa 1, wakatolewa kwa jumla ya 4 kwa 3. Sajini wangu hapendi kukumbushwa. Mimi naona kwamba timu mbili za mezani hazichezi mpira wa namna ile.

Wale waliodhani kwamba baada ya miezi sita mambo yangekuwa mepesi walijifunza upesi. Msimu mpya ulifunguliwa tarehe 4 Desemba 2020, na haikupita hata wiki mbili Wizara ya Michezo ikausimamisha, kwa kuwa baadhi ya timu hazikufuata masharti ya kujikinga. Ndipo tukaingia katika kipindi ambacho viwanja vilikuwa na watu bila mpira. Polisi wanakumbuka vizuri: waliokamatwa nje baada ya saa za marufuku au bila barakoa walipelekwa viwanjani, wakaketi kwa kuachana nafasi, wakahubiriwa masharti ya afya hadi alfajiri. Wapo mashabiki ambao mwaka ule waliingia uwanja wa mpira mara moja tu, na kwa njia hiyo.

Na upo usiku mmoja ambao lazima niutaje kwa heshima ya polisi wa Kigali. Timu ya taifa ilikuwa Cameroon katika CHAN iliyoahirishwa kutoka mwaka uliotangulia, na wachezaji wake wote walikuwa wa ligi iliyolala. Walitoka sare na Uganda, wakatoka sare na Morocco, kisha tarehe 26 Januari 2021 wakaifunga Togo 3 kwa 2 wakaingia robo fainali. Kigali ilikuwa imefungwa tangu tarehe 19. Watu hawakujizuia: walipiga masufuria madirishani, kisha wengi wakashuka barabarani usiku ule wakiimba. Kila polisi aliyekuwa zamu alijua kwamba hilo ni kosa, na kila mmoja alitaka kuruka juu kwa furaha. Siku tano baadaye Guinea walitutoa kwa bao 1.

Ligi yenyewe ilirudi tarehe 1 Mei 2021, lakini kwa sura nyingine. Timu 16 ziligawanywa katika makundi manne. Mbili za juu za kila kundi zikagombea ubingwa, nyingine zikagombea kubaki. Timu zilikaa kambini, wachezaji wakapimwa. APR na AS Kigali walimaliza wakiwa sawa kwa alama, na tofauti ya mabao ikawapa APR. Muundo ule ulikuwa mzuri kwa sababu ulijulikana kabla ya mpira wa kwanza kupigwa. Na ulimalizika kwa wakati: tarehe 17 Julai Kigali na wilaya nane zilifungwa tena, Rubavu ikiwamo.

Wako wanaohitimisha kutokana na haya yote kwamba maradhi yakiingia, mpira usimame. La, sivyo hata kidogo. Tarehe 27 Septemba 2024 Rwanda ilitangaza ugonjwa wa Marburg, ambao kwa ukali wake ni ndugu wa Ebola. Mpaka ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 20 Desemba, walikuwa wameugua watu 66 na kufa 15, walio wengi wakiwa wahudumu wa hospitali. Lakini tarehe 15 Oktoba, katikati ya ugonjwa huo, timu ya taifa ilicheza na Benin katika uwanja wa Amahoro, ikashinda 2 kwa 1. Watu wengine walishangaa: mbona ugonjwa unaoua kuliko korona haukufunga uwanja? Jibu ni lile ambalo kila kadeti hufundishwa kuhusu adui. Korona ilisafiri hewani, kwa pumzi ya mtu asiyejijua kuwa mgonjwa, na jukwaa la mpira ndilo shamba lake. Marburg huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa; huyo yuko kitandani, hayuko jukwaani. Waliohitaji kulindwa kwanza walikuwa wauguzi.

Nilikutana na koplo tena mwezi uliofuata, kwenye kituo kimoja cha barabarani. Nilikuwa na karatasi ambayo nilikuwa nimeandika msimamo wa ligi kama ulivyoachwa mwezi Machi 2020. Nilimwonyesha sehemu ya juu: mechi 23, alama 57, kufungwa hakuna. Aliutazama mstari ule kwa muda, akasema, "Haya, afande. Kombe nawaachia." Nilitaka kuikunja karatasi. Akaweka kidole chini kabisa, kwenye majina ya Gicumbi na Heroes.

"Na hawa?"

Nilimweleza niliyoyajua. Nilimwambia kwamba Waholanzi mwezi Aprili 2020 walifuta kila kitu, hakuna bingwa wala wa kushuka wala wa kupanda, na kwamba Cambuur, waliokuwa wakiongoza daraja la pili, walikwenda mahakamani wakashindwa. Nilimwambia kwamba Ufaransa waliwashusha Amiens na Toulouse. Baraza lao kuu la sheria likaizuia hukumu hiyo mwezi Juni, kisha wakashushwa hivyo hivyo.

"Sikuulizi Ufaransa," alisema koplo. "Nauliza hawa. Walikuwa na mechi saba."

Ni kweli walikuwa nazo. Aliye kileleni baada ya mechi 23 amekwisha kuonyesha jambo. Aliye mkiani bado ana alama 21 mbele yake, na kila mpenzi wa kandanda amewahi kuona timu ikifufuka katika wiki za mwisho, pale wapinzani wa katikati hawana tena cha kupigania. Rutsiro na Gorilla, waliopanda kuchukua nafasi hizo mbili, walizipata uwanjani, kwa kuwa mechi za mwisho za Daraja la Pili zilichezwa baadaye mwaka ule ule, amri zilipolegezwa. Wa kupanda walipewa mpira. Wa kushuka walipewa barua. Ligi ya timu 18 kwa msimu mmoja ingaliwezekana, ijapokuwa ingalirefusha ratiba na kuongeza gharama katika mwaka ambao klabu kadhaa zilikuwa zimekwisha kusimamisha au kupunguza mishahara ya wachezaji. FIFA ilitoa msaada wa dola milioni 1 kwa kila shirikisho mwaka ule, na dola 500,000 zaidi kwa soka ya wanawake. Sehemu ya fedha kama hizo ingaliweza kuzibeba timu mbili kwa msimu mmoja. Hayo ni maoni yangu, nami si mjumbe wa shirikisho.

Nilimwambia koplo hivyo. Nikamwambia pia kwamba sisi wa jeshi, ambao timu yetu ndiyo iliyopata kombe, tulipaswa kuwa wa kwanza kulisema hilo mwaka 2020, na sikumbuki kwamba tulilisema.

Akanirudishia karatasi. Lori la mizigo lilikuwa limesimama kwenye kizuizi, likingoja kwenda Goma, na dereva wake alikuwa ameteremka na nyaraka mkononi. Koplo akavaa kofia yake vizuri akaenda kumkagua.